Gottlieb Haberlandt: Aliyeshindwa kuotesha seli moja, akatuachia miche ya chupa

Kila tunapozungumzia miche ya migomba ya tishu katika kipindi cha kilimo, ujumbe haukomi kuingia. Wengi huuliza bei. Wengine huuliza kama ndizi hizo zimetiwa dawa. Lakini kuna swali moja ambalo hewani huwa tunalipita haraka kwa sababu muda hautoshi: ni nani aliyekaa akafikiri kwamba kipande cha mmea, kidogo kuliko punje ya mtama, kinaweza kuwekwa ndani ya chupa kikawa mmea mzima, halafu mimea mia, halafu elfu?

Jibu lina majina mengi. Kwa makala haya tumechagua jina moja, kwa sababu wanasayansi wa fani hii wenyewe humwita baba wa kazi yao, na kwa sababu jaribio lililompa heshima hiyo halikufanikiwa. Ni Gottlieb Haberlandt, aliyefariki mwaka 1945.

Mtoto wa bwana soya

Haberlandt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1854 katika mji wa Magyaróvár, ambao leo uko Hungaria na unaitwa Mosonmagyaróvár. Siku zile eneo hilo lilikuwa ndani ya dola ya Austria. Baba yake, Friedrich Haberlandt, alikuwa mwalimu katika chuo cha kilimo cha mji huo, na baadaye akahamia Vienna kufundisha huko.

Tusimame kidogo kwa huyu baba, maana wasikilizaji wetu wanaolima soya wana undugu naye. Mwaka 1873 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Vienna, na nchi za mashariki ya mbali zilileta mazao yao. Friedrich alichukua mbegu za soya pale, akazipanda, akachagua zilizokomaa vizuri katika hali ya hewa ya kwao, kisha akazigawa kwa wakulima wa sehemu mbalimbali za dola ile ili wazijaribu katika mashamba yao na kumrudishia taarifa. Mwaka 1878 alitoa kitabu kizima kuhusu soya. Mwaka huohuo akafariki. Mwanawe alikuwa na miaka 23.

Kwa hiyo Gottlieb alikulia katika nyumba ambayo mbegu ilikuwa mezani pamoja na chakula. Alisomea elimu ya mimea Vienna, akapata shahada ya udaktari mwaka 1876, kisha akaenda Tübingen, Ujerumani, kwa mwalimu aliyeitwa Simon Schwendener. Huyu Schwendener alikuwa na macho ya fundi ujenzi. Alipotazama bua la mmea aliuliza: nguzo iko wapi, mhimili uko wapi, kwa nini halivunjiki kwa upepo? Ukitazama mwanzi ulivyo mtupu katikati lakini mgumu pembeni, utaelewa alichokuwa akikitafuta.

Kijana Haberlandt aliichukua namna hiyo ya kuuliza akaipeleka mbele zaidi. Kwake kila sehemu ya mmea, hata ile ndogo isiyoonekana kwa macho, ilikuwa na kazi yake, kama wafanyakazi wa shambani. Mwaka 1884 alichapisha kitabu kikubwa kilichoupanga mwili wa mmea kwa kazi zake badala ya kuupanga kwa maumbo tu: hapa ngozi ya kukinga, hapa mabomba ya maji, hapa ghala, hapa jiko la kupikia chakula kwa jua.

Ni huyu pia aliyeeleza kwa makini jinsi jani la muwa na jani la mahindi lilivyopangwa ndani. Kuzunguka kila mshipa kuna duara la seli nene zilizojaa ukijani, mfano wa shada la maua. Akaliita shada, kwa Kijerumani Kranz, na hadi leo wataalamu duniani hutumia neno hilohilo. Alihisi kwamba duara lile lina kazi maalumu, lakini kazi yenyewe ilikuja kueleweka katika miaka ya 1960: ndilo linalosaidia mahindi, mtama na miwa kutengeneza chakula kwa wingi chini ya jua kali ambalo mimea mingine huonekana kuchoka.

Alikuwa mtu wa kuuliza mambo ambayo wengine waliyaona ya kitoto. Aliuchunguza mmea tunaouita kifauongo, ule unaokunja majani ukiguswa, akitaka kujua habari ya kuguswa inasafirije kutoka jani hili hadi lile. Mwaka 1900, wakati mmoja na mtaalamu mwingine aliyefanya kazi mbali naye, alitoa hoja kwamba mmea hujua chini ni wapi kwa sababu ndani ya seli fulani kuna punje za wanga zinazozama kama mchanga ndani ya kibuyu cha maji. Hoja hiyo bado inasimama. Nyingine hazikusimama. Aliamini kwamba seli za ngozi ya jani hufanya kazi kama vijicho vidogo vya kuona mwanga unatoka wapi, na wenzake wengi hawakumkubalia. Sisi tunaona ni vizuri kulitaja hili. Mtu akisimuliwa kama hakuwahi kukosea, ujue msimulizi ameficha kitu.

Graz, 1902

Kwa takribani miaka 30 Haberlandt alifundisha katika mji wa Graz, Austria. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1891, alisafiri kwenda kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, akakaa miezi kadhaa katika bustani kubwa ya mimea ya Bogor. Huko aliona misitu ya nchi za joto kwa mara ya kwanza. Aliporudi aliandika kitabu kuhusu safari hiyo.

Na sasa tufike kwenye jaribio lenyewe.

Wakati ule wanasayansi walikwisha kukubaliana kwamba mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Swali la Haberlandt lilikuwa hili: tofali moja likitolewa ukutani, lina uhai wake lenyewe? Na kama kila seli ya mmea imetokana na seli moja ya kwanza ya mbegu, je, bado inakumbuka jinsi ya kuwa mmea mzima? Wakulima tayari walikuwa na sehemu ya jibu. Mkulima wa muhogo anakata kijiti, anakichomeka, kinakuwa shina. Lakini kijiti cha muhogo kina macho na kina mamilioni ya seli zinazosaidiana. Yeye alitaka moja tu, peke yake, bila ndugu.

Alichagua mimea yake kwa kuangalia ni ipi inayoachia seli zake kwa urahisi. Mmoja ulikuwa gugu dogo la bustanini la jamii ya mnanaa, ambalo majani yake hutoa seli za kijani zisizong'ang'aniana. Mwingine ni mmea ambao Wazungu wa zamani waliutumia kwa magonjwa ya kifua na ambao jina lake la kitaalamu, Pulmonaria, linatokana na neno la mapafu. Kwa maneno mengine, mmea wa dawa ulikuwamo tangu siku ya kwanza. Alitumia pia nywele za mmea unaowasha ngozi. Na wasikilizaji wetu wa kando ya Ziwa Victoria watashangaa kwamba alitumia seli za shina la jani la gugumaji, hilohilo linaloziba mialo na kukwamisha mitumbwi.

Alizitenganisha seli, akaziweka katika maji yenye chumvichumvi za madini ambazo mmea hupata ardhini, akaongeza sukari kwa sababu seli iliyotengwa haina jani la kuilisha, kisha akajitahidi kuzuia bakteria na ukungu visiingie. Nyingine aliziweka kwenye mwanga, nyingine gizani. Kisha akawa anazitazama kwa hadubini siku baada ya siku.

Seli ziliishi. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Baadhi ziliishi karibu mwezi mzima. Zile za kijani zilinenepa, kuta zake zikawa nene, na ndani yake zikaonekana punje za wanga, ishara kwamba zilikuwa zikila ile sukari na kuweka akiba. Lakini jambo moja alilokuwa akilisubiri halikutokea. Hakuna hata moja iliyogawanyika kuwa mbili. Na seli isiyogawanyika haiwezi kuwa mmea.

Mwaka 1902 aliyapeleka matokeo hayo mbele ya chuo cha wanasayansi cha Vienna na kuyachapisha. Hapa ndipo tunapoona uzito wa mtu huyu. Angeweza kuyaweka kabatini, kama wengi wanavyofanya na jaribio lisilozaa. Badala yake aliandika wazi kilichotokea na kisichotokea, kisha akaongeza makisio ya nini kijaribiwe baadaye. Alidhani kuna kitu kinachokosekana, kitu ambacho seli hupata zinapokuwa pamoja. Akapendekeza kwamba watakaofuata wajaribu kuongeza majimaji ya ncha za mimea inayokua, au yale majimaji yanayolisha kijusi ndani ya mbegu changa. Akasema pia anaamini itafika siku seli ya kawaida ya jani itaoteshwa iwe kijusi cha mmea, bila mbegu.

Leo tunajua kwa nini alishindwa. Alichagua seli zilizokwisha kukomaa, nazo ni ngumu sana kuzirudisha utotoni. Na homoni za mimea, zile kemikali zinazoiambia seli igawanyike, itoe mzizi au itoe chipukizi, zilikuwa hazijagunduliwa. Alikuwa kama mtu anayejaribu kupika mkate kabla hamira haijajulikana. Unga upo, moto upo, lakini mkate hauumuki.

Kiazi kilichokatwa

Mwaka 1910 Haberlandt alikuwa ameshahamia Berlin, akashika nafasi ya mwalimu wake wa zamani, Schwendener. Wengi hudhani baada ya 1902 aliachana na swali lile. Hakuachana nalo, ila alilijia kwa mlango wa nyuma, kwa kutumia kiazi mviringo.

Kila anayelima viazi anajua kwamba kiazi kilichokatwa hufunga kidonda chake. Baada ya siku chache sehemu iliyokatwa huota ngozi mpya. Maana yake ni kwamba seli zilizokuwa zimetulia zimeanza kugawanyika tena. Haberlandt alikata viazi katika vipande vyembamba sana na kuvilinganisha. Vipande vilivyokuwa na kijisehemu cha mshipa unaosafirisha chakula vilianza kugawanya seli. Vile visivyo na mshipa vilikaa kimya. Alipoosha jeraha kwa maji, mgawanyiko ulipungua. Alipopaka majimaji ya tishu iliyopondwa, ulirudi. Kutokana na hayo alisema kwamba mshipa na jeraha hutoa kitu kinachoamsha seli, na akakiita homoni ya kidonda. Kemikali yenyewe hakuwahi kuishika mkononi, lakini alikuwa ameonyesha kwamba ipo.

Neno hilo la homoni liliingia pia nyumbani kwake kwa njia nyingine. Mwanawe, Ludwig, alikuwa daktari na mtafiti katika mji wa Innsbruck. Katika miaka ya 1920 Ludwig alionyesha kwa sungura kwamba homoni za ujauzito zinaweza kuzuia mimba kwa muda, na akapendekeza zitumike kwa wanawake. Alishambuliwa sana kwa wazo hilo. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavyotolewa kwenye zahanati zetu leo vina mizizi katika kazi yake. Ludwig alifariki mwaka 1932, na baba akamzika mwana. Mwaka uliofuata mzee Haberlandt alichapisha kumbukumbu za maisha yake.

Alistaafu mwaka 1923. Kabla ya hapo, mwaka 1922, mwanafunzi wake mmoja aitwaye Kotte alifanikiwa kukuza ncha za mizizi ndani ya chombo kwa muda, na mwaka huohuo Mmarekani aitwaye Robbins akafanya vivyo hivyo bila wao kushauriana. Mwaka 1939 watafiti wawili wa Ufaransa na mmoja wa Marekani walitangaza kwamba wameweza kukuza tishu za karoti na tumbaku bila kikomo, wakizihamisha kutoka chombo hadi chombo. Haberlandt alikuwa na miaka 84, na vita vikubwa vya dunia vilikuwa vinaanza. Alifariki Berlin tarehe 30 Januari 1945, akiwa na miaka 90, miezi michache kabla ya vita hivyo kwisha Ulaya.

Maji ya dafu

Wasomaji wa pwani, sehemu hii ni yenu. Lile pendekezo lake la kutumia majimaji yanayolisha kijusi ndani ya mbegu lilikuja kujaribiwa kwa kitu mnachokijua. Nazi ni mbegu, na maji ya dafu ndiyo majimaji yenyewe. Mwaka 1941 mtafiti aitwaye van Overbeek aliongeza maji ya nazi katika chakula cha vijusi vidogo sana vya mnanaha, vikakua. Mwaka 1958 Frederick Steward na wenzake huko Marekani, wakitumia chakula chenye maji ya nazi, walipata mimea ya karoti kutokana na seli zilizokuwa zikielea katika chombo. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1955, kundi la Folke Skoog lilikuwa limegundua moja ya kemikali zinazoamsha mgawanyiko wa seli. Mwaka 1962 Skoog na mwanafunzi wake, Toshio Murashige, walichapisha orodha ya madini, sukari, vitamini na homoni ambayo maabara nyingi huitumia hadi sasa. Na mwaka 1965 ikathibitishwa bila shaka: seli moja ya tumbaku, iliyotengwa peke yake, iligawanyika, ikaota, ikawa mmea mzima uliotoa maua. Ilikuwa miaka 63 tangu Graz.

Kutoka chupani hadi mti wa dawa

Kwa nini tunahangaika na historia hii? Kwa sababu ya miti yetu. Upo mti wa milimani, Prunus africana kwa jina la kitaalamu, ambao Wakikuyu huuita muiri. Unaota Kenya, Tanzania, Kameruni, Madagaska na kwingineko Afrika. Magome yake hutumika kutengeneza dawa ya tezi dume iliyovimba, na biashara yake ya kwenda Ulaya ni kubwa. Mwenye haraka ya fedha humenya mti kuzunguka shina lote, na mti ukimenywa hivyo hufa. Tangu mwaka 1995 biashara ya mti huo kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Mbegu zake hazihifadhiki kwa muda mrefu, kwa hiyo anayetaka kupanda upya hana ghala la kutegemea. Kwa mti kama huo, watafiti huangalia kama kipande cha chipukizi kinaweza kufanya ndani ya chupa kile ambacho mbegu inashindwa kufanya.

Kwa artemisia, mmea unaotoa dawa inayotumika katika vidonge vya mseto vya malaria, sababu ni tofauti. Mbegu zipo tele, lakini watoto wa mama mmoja hutofautiana sana kwa kiasi cha dawa kilichomo kwenye majani. Mche wa chupa ni pacha wa mama yake. Ukipata mama mwenye dawa nyingi, unaweza kumrudia yeye yule. (Hapa tuongeze neno: Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya artemisia kama tiba ya malaria. Ukiwa na homa, nenda ukapime.) Mshubiri nao hukuzwa hivyohivyo pale ambapo machipukizi ya pembeni hayatoshi mahitaji ya shamba kubwa.

Kazi yenyewe, ukiiona, inafanana na jiko safi kuliko inavyofanana na hospitali. Mfanyakazi huchagua mmea mama wenye afya, hukata jicho au ncha changa, huiosha kwa dawa ya kuua vijidudu mfano wa ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha huiweka kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa kwa agari, utomvu wa aina fulani za mwani. Akiongeza homoni ya upande mmoja, kipande hutoa machipukizi mengi. Akibadili uwiano, hutoa mizizi. Machipukizi hugawanywa, hurudishwa chupani, hugawanywa tena. Ukungu ukiingia, chupa nzima hutupwa.

Mapacha hawa wana ubaya wao, na ni haki kuusema. Ugonjwa ukimpata mmoja, wote hawana kinga. Shamba la dawa lenye mama mmoja tu ni la hatari, ndiyo maana ni busara kuchanganya kutoka kwa mama kadhaa, na kuiacha miti ya asili izae mbegu zake msituni. Pia mche wa chupa hutoka ukiwa safi, lakini usafi huo si kinga. Ukiupanda kwenye udongo wenye mnyauko, utanyauka kama mingine.

Na kuna siku chache ambazo miche mingi hupotea, baada ya kutoka chupani. Mle ndani hewa ina unyevu muda wote, kwa hiyo jani halijajenga ile nta ya nje inayozuia maji kupotea, na matundu yake ya kupumulia hayajazoea kufunga. Mche wa namna hiyo ukiwekwa juani unaweza kukauka kwa mchana mmoja. Kitaluni huoshwa mizizi ili kuondoa chakula cha chupa chenye sukari, hupandwa kwenye udongo uliochemshwa au kuchomwa, hufunikwa kwa nailoni chini ya kivuli, na nailoni hufunuliwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukienda kununua, muulize mwenye kitalu mche umetoka chupani lini, na umekaa nje ya nailoni kwa siku ngapi. Kama umetoka jana, mwachie aendelee kuutunza.